JASHO LETU LIPIMWE

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya usalama kazini mbele ya wanachama wa tawi, Shirere, Kakamega)



Twawashukuru kwa kuacha kazi zenu za nyumbani na kuja kutusikiliza. Leo hatukuja kuzungumza juu ya nyongeza ya mishahara. Neno hilo lina siku yake. Tumekuja kuzungumza juu ya jasho. Huenda wengine wakacheka na kusema, "Jasho nalo lina maneno gani? Kila afanyaye kazi hutoka jasho." Ni kweli. Lakini twawauliza: ni nani kati yetu ajuaye jana alitoka jasho kiasi gani? Mshahara wetu twaujua mpaka senti ya mwisho. Saa za kazi twazijua. Jasho hatulijui. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho ni mali yetu, nalo hupotea kila siku bila daftari.

Sababu ya kulileta neno hili ni hii. Wengi wetu tunafanya kazi ndani ya mavazi mazito. Wako wafagiaji na wabeba taka wenye ovaroli, makoti ya kung'aa, glavu na gambuti. Wako wanaozibua mifereji ya maji machafu wakiwa na mavazi ya mpira mpaka kifuani. Wako wanaopuliza dawa wakiwa na vazi la plastiki kichwa mpaka miguu, na pampu mgongoni. Tulipopeleka malalamiko kwa mwajiri mmoja, ambaye hatumtaji, tulisema, "Mavazi haya yana joto mno." Tukajibiwa, "Kakamega hakuna joto. Hapa si Lodwar." Mazungumzo yakaisha hapo. Neno "joto mno" halikuwa na uzito mezani, kwa sababu lilikuwa neno tu, halikuwa hesabu. Basi leo tunataka kuwaonyesha jinsi ya kulifanya liwe hesabu.

JASHO LINA KAZI GANI

Mtu anaposukuma wilibaro au kuinua sepetu, sehemu ndogo tu ya nguvu anayoitoa huingia katika kazi ile. Sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto ndani ya mwili. Kwa hiyo joto la mfanya kazi halitoki juani peke yake. Yeye mwenyewe ni kama jiko. Tena mwili hautaki kuzidi sana digrii 37. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu mwaka 1969 kwamba haifai mfanya kazi wa kazi nzito ya kila siku apandishwe joto la ndani ya mwili kupita digrii 38. Toka 37 mpaka 38 ni hatua moja tu, na jiko linaendelea kuwaka.

Mwili hujipoza kwa jasho. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu: si kutoka kwa jasho kunakompoza mtu, ni kukauka kwake. Maji yakigeuka mvuke juu ya ngozi huchukua joto na kwenda nalo. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoa joto la kilokalori 580 hivi. Joto hilo lingetosha kuchukua lita 7 za maji ya kisima na kuzifikisha kwenye kuchemka. Lakini lita hiyo hiyo ikinaswa ndani ya plastiki, au ikitiririka mpaka ndani ya gambuti, haimpozi mtu hata kidogo. Amepoteza maji yake bure. Kisha mwili, kwa kuwa haujapoa, hutoa jasho jingine zaidi, nalo pia hunaswa.

Ndiyo sababu jibu la "hapa si Lodwar" si jibu. Kila anayeanika nguo Kakamega siku ya mawingu anajua kwamba hewa yetu ina unyevu mwingi, na nguo hukawia kukauka. Na jasho hukawia vivyo hivyo. Tena wako wataalamu walioyapima mavazi yenyewe. Katika kanuni za kimataifa za kupima joto kazini, ovaroli ya kitambaa cha kawaida haiongezi kitu. Nguo mbili za kitambaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhesabiwa kama kuongeza digrii 3 katika kipimo cha joto. Vazi lisilopitisha mvuke huhesabiwa kama kuongeza digrii 11. Mtu aliyevalishwa vazi la namna hiyo, basi, hayuko Kakamega tena. Amepelekwa Lodwar bila nauli.

NAMNA YA KUPIMA

Kupima jasho si jambo jipya wala si la wenye mashine kubwa peke yao. Huko Padua, Italia, daktari mmoja aliyeitwa Santorio alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akajipima kwa miaka mingi, akapima na chakula chake na choo chake, akatoa kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1614. Aliona kwamba mwili hupungua uzito hata pasipo kitu kionekanacho kutoka. Njia yake ndiyo mpaka leo hutumika: mpime mtu kabla ya kazi, mpime baada ya kazi.

Vitu vinavyotakiwa ni vichache. Iwepo mizani ya watu inayoonyesha vipimo vidogo, gramu 100 au 50, maana ile ya mshale inayorukaruka nusu kilo haitufai. Iwepo mizani ndogo ya kupimia nguo. Iwepo chupa yenye alama za maji, kitambaa cha kujifuta, na daftari lenye kalamu. Mizani iwekwe juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, isihamishwe. Kuijaribu ni rahisi: lita moja ya maji ni kilo moja. Weka mtungi mtupu, soma. Ongeza lita 5 za maji, soma tena. Isipoongezeka kilo 5, mizani hiyo ni mwongo, irudishwe dukani.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza, mtu aende haja kabla ya kupimwa. Kisha ajipime mwenyewe bila nguo, nyuma ya pazia, ajisomee namba na kuitaja kwa karani aliye nje. Wanawake wawe na pahali pao na karani wao. Hakuna mtu wa kumchungulia mwenzake.

Pili, mavazi yake yote ya kazi, toka kofia mpaka gambuti, yapimwe yakiwa makavu.

Tatu, akiwa kazini anywe maji apendavyo, lakini kila anachokunywa kiandikwe. Akila, chakula kipimwe. Akikojoa, iwe ndani ya chombo, na kipimo kiandikwe. Wengine wataona aibu. Lakini asipoandika haja ndogo, hesabu itaonyesha jasho lisilokuwako, na mwenye kubisha atapata pa kutushika.

Nne, baada ya saa za kupima, avue nguo, ajifute jasho vizuri, ajipime tena bila nguo. Hapo hapo mavazi yapimwe, kabla hayajakauka.

Siku ya kupima iwe ya asubuhi isiyo na mvua, kwa sababu mvua ya Kakamega ikinyeshea ovaroli hatutajua maji yapi ni ya mbinguni na yapi ni ya mtu.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu wa kufundishia hesabu, si vipimo vya mtu fulani. Watu wawili, kila mmoja kilo 62.0, wanafanya kazi moja kwa saa 4.

Wa kwanza amevaa ovaroli ya pamba. Amekunywa lita 1.0 ya maji, amekojoa lita 0.2. Mwisho ana kilo 60.8. Amepungua 1.2. Ongeza maji aliyokunywa, 1.0, inakuwa 2.2. Toa mkojo, 0.2, inabaki 2.0. Basi ametoka jasho kilo 2.0, yaani lita 2. Mavazi yake yalikuwa kilo 2.0 yakiwa makavu, sasa ni 2.6. Jasho lililonaswa ni 0.6. Lililokauka ni 1.4.

Wa pili amevaa vazi la plastiki na gambuti. Naye amekunywa lita 1.0, amekojoa lita 0.1. Mwisho ana kilo 59.9. Amepungua 2.1; ongeza 1.0, toa 0.1, jasho ni 3.0. Mavazi yake yalikuwa kilo 2.5, sasa ni 4.3. Lililonaswa ni 1.8. Lililokauka ni 1.2.

Tazameni jambo hili. Wa pili ametoka jasho lita nzima zaidi ya mwenziwe, na bado amepozwa kidogo kuliko yeye. Kama jasho lingekuwa shilingi, katika kila shilingi 10 wa kwanza ametumia 7 kwa faida yake. Wa pili ametumia 4, na 6 zimeanguka ndani ya kiatu. Hilo ndilo tunalolisema kila siku kwa kinywa bila kusikiwa. Hapa limesemwa na mizani.

Kwa kweli lililokauka ni pungufu hata ya hizo namba, kwa sababu jasho lililodondoka chini halikumpoza mtu, nayo mizani ya nguo hailioni. Na kiasi kidogo cha uzito hutoka kwa pumzi. Lakini kosa hilo ni dogo, tena haliharibu neno letu.

Hesabu ya mwisho ni ya uzito wa mwili wenyewe. Wa kwanza amepungua kilo 1.2 katika 62, karibu asilimia 2. Wa pili amepungua 2.1, yaani zaidi ya asilimia 3. Asilimia 2 ndiyo alama ya kujihadhari: hapo nguvu huanza kupungua na akili huwa nzito. Mwenye panga, mwenye gari na mwenye dawa ya sumu mkononi hatakiwi kuwa na akili nzito.

WENZETU WALIOPIMA

Msidhani haya ni maneno ya kwetu peke yetu. Huko Qatar, walikokwenda vijana wengi wa Kenya kutafuta kazi, wafanya kazi walilia juu ya joto kwa miaka mingi. Mwaka 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Thessaly cha Ugiriki, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, waliwapima wafanya kazi wakiwa kazini wakati wa kiangazi. Mwaka 2021 sheria mpya ikatoka: kazi za nje zimekatazwa tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, tangu 1 Juni mpaka 15 Septemba, na kazi yapasa kusimama wakati kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kinapopita digrii 32.1. Hatusemi kwamba shida zote za huko zimekwisha. Twasema kilio kilipopata namba, sheria ilisogea.

Upande wa miwa pia kuna somo, na hili linatugusa, kwa kuwa jimbo letu ni la miwa, na ndugu zetu wengi wanaikata. Huko El Salvador na Nicaragua, maelfu ya wanaume, wengi wao vijana wakata miwa, wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Joto na kukosa maji mwilini ni miongoni mwa sababu zinazoshukiwa sana. Tangu msimu wa 2014 na 2015 huko El Salvador ulianzishwa mpango wa maji, mapumziko na kivuli kwa wakata miwa. Mwajiri mwenye hofu aulize: je, miwa iliyokatwa ilipungua? Haikupungua. Mtu aliyepumzika hukata vizuri.

Na wauguzi walioshika wagonjwa wa Ebola, huko Afrika ya Magharibi mwaka 2014 na huko Beni na Butembo katika Kongo tangu 2018, walivaa mavazi ya kuziba kabisa. Hakuna aliyewaambia wayavue, maana vazi lile ndilo lililowakinga na mauti. Lakini saa zilifupishwa: mtu aliingia kwa muda mfupi, mara nyingi kama saa moja, kisha akatoka, akavua, akanywa, mwingine akaingia. Ndivyo tunavyotaka na sisi. Hatusemi mpuliza dawa avue vazi lake. Twasema saa zake zipimwe kwa vazi lake.

DAFTARI LIKAE MIKONONI MWA NANI

Sasa, ndugu zetu, tahadhari. Kipimo ni kama panga, hukata pande mbili. Sisi tunaokaa karibu na Rosterman tunajua habari za migodi. Baba zetu na babu zetu waliingia chini ya ardhi hapa baada ya dhahabu kuonekana Kakamega mwaka 1931, mpaka mgodi ule ulipofungwa mwaka 1952. Katika miaka hiyo ya 1930, huko kwenye migodi mikubwa ya dhahabu ya Afrika Kusini, joto la chini lilikuwa likiua watu. Wakubwa wa migodi wakaanza kuwapima wachimbaji. Waliwatia katika chumba chenye joto, wakawafanyisha kazi, wakapima joto la miili yao, wakawagawa: huyu avumilia, huyu havumilii. Vipimo vile viliokoa maisha ya watu, hatukatai. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa, "Ni mtu gani afaaye kwa joto hili?" Halikuwa, "Ni joto gani lifaalo kwa mtu?"

Hilo ndilo swali tunalotaka kuligeuza. Kama nyapara ndiye atakayeshika daftari, kesho atasema, "Huyu hutoka jasho jingi, ni mgonjwa, aachishwe, huyu ni mnene, yule ni mzee." Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo haya mbele yenu. Daftari likae kwa kamati ya usalama. Ndani yake yaandikwe namba, aina ya kazi na aina ya vazi, yasiandikwe majina. Kila mtu apewe namba zake mwenyewe. Hakuna kumlazimisha mtu kupimwa. Na mwajiri apewe hesabu ya kundi zima, si ya mtu mmoja mmoja.

MAMBO TUNAYOTAKA

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imetupa mahali pa kusimama. Mwajiri apaswa kuweka maji safi ya kunywa. Mavazi ya kinga apaswa kuyatoa yeye, bila kumkata mfanya kazi mshahara. Penye wafanya kazi 20 au zaidi yapasa kuwe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Kwa hiyo tutakapokwenda na daftari hatuombi sadaka.

Tutataka mambo manne. Maji yawe karibu na kazi, si katika ofisi ya mbali. Kikombe kimoja kila dakika 15 au 20 wakati wa kazi nzito, wala mtu asinywe kupita lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno kwa haraka nayo hudhuru. Kivuli kiwepo mahali pa kazi, hata kama ni turubai juu ya nguzo nne. Mapumziko yahesabiwe katika mshahara, kwa sababu mtu wa kazi ya kipande akipumzika bila kulipwa hatapumzika, ataendelea mpaka aanguke. Na mavazi yachaguliwe kwa kupimwa: kabla mwajiri hajanunua mia, watu wachache wajaribu aina mbili, mizani iamue.

Hata kabla ya hayo kupatikana, jueni dalili. Mwenzako akiumwa kichwa, akipatwa na kizunguzungu, akishikwa na mkakamavu wa misuli au akitapika, mtoe juani, mfungue vazi, mpe maji. Akianza kusema ovyo au kuanguka, hilo ni jambo la kufa na kupona. Mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku mwingine akiita gari la hospitali. Mpozeni kwanza, msingoje gari.

Watu husema mchumia juani hulia kivulini. Ni mithali njema, lakini wako wanaochumia juani wasifike kivulini, kwa sababu figo au moyo uliwatangulia. Sisi twataka kivuli kije juani, siku ile ile ya kazi.

Kamati yaomba watu 12 wa kujitolea kwa upimaji wa kwanza: wafagiaji 4, wa mifereji 4, na wapuliza dawa 4. Karani yuko pale mlangoni na karatasi. Mizani iko hapa mezani, na mtungi wa maji uko kando yake. Kila mwenye mashaka aje aijaribu kwa mikono yake kabla hatujafunga mkutano.

Umoja ni nguvu.